Wastani wa saa 76, mkesha wa saa 33: kikomo cha saa za kazi za daktari mwanagenzi kinapima nini hasa?

Chukua rosta ya kawaida ya idara ya hospitali yenye madaktari wanagenzi wanne, yaani wahitimu wa udaktari walio katika mafunzo ya kazini, iwe ni wodi ya wanaume, ya watoto au ya wazazi. Kila mmoja huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Usiku hushikwa na mmoja wao kwa zamu. Jumamosi na Jumapili mmoja hushika mchana na usiku wake. Aliyekesha haendi nyumbani kukipambazuka, kwa kuwa raundi ya daktari bingwa inamngoja na wagonjwa waliopokelewa usiku anawajua yeye. Anaendelea hadi jioni.

Sasa tupige hesabu ya wiki nne. Siku za kazi ni 20, saa 9 kila siku: 180. Mikesha ya siku za kazi ni 20, mgao wake ni 5, na kila mkesha kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 15: jumla 75. Siku za mwisho wa wiki ni 8, mgao wake ni 2, saa 24 kila moja: 48. Yote pamoja ni saa 303. Gawa kwa wiki nne upate saa 75.75 kwa wiki.

Kikomo kinachotajwa zaidi duniani ni saa 80 kwa wiki, kwa hiyo rosta hii imefaulu. Lakini daktari aliyeingia Jumatatu saa mbili asubuhi akatoka Jumanne saa kumi na moja jioni amefanya kazi saa 33 bila kukatika, na katika wiki hizo nne atafanya hivyo mara tano. Mtoto anayeandikiwa dawa Jumanne saa tisa mchana haandikiwi na wastani. Anaandikiwa na mtu aliye macho kwa muda wa saa 31.

Hapo ndipo mjadala mwingi unapopotea njia. Watu hubishana kikomo kiwe 80, 60 au 48, kana kwamba ni namba moja. Kuna jumla ya wiki. Kuna kipindi ambacho jumla hiyo hukokotolewa wastani, maana wiki ya saa 100 ikifuatwa na ya saa 60 huandikwa 80. Kuna urefu wa mfululizo mmoja. Kuna mapumziko kati ya zamu na zamu. Kuna swali la kinachohesabiwa kuwa kazi: daktari aliyejinyoosha katika chumba cha zamu akisubiri kuitwa, yuko kazini au anapumzika? Na kuna jambo ambalo sheria nyingi hulipita kimya: daktari akienda nyumbani, mgonjwa anabaki na nani? Rosta inaweza kutimiza masharti yote ya mwanzo na bado ikamwumiza mgonjwa kwa sababu ya hili la mwisho.

Namba 80 ilikotoka

Mtindo wa kumfunza daktari kwa kumweka hospitalini usiku na mchana ulijengwa katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mpasuaji William Halsted akiwa kinara wake. Waliofunzwa waliishi humo humo hospitalini. Hakukuwa na haja ya kuhesabu saa, kwa sababu hapakuwa na nyumbani pa kurudi.

Machi 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alilazwa katika hospitali moja ya New York akiwa na homa na mwili unaotetemeka. Alikuwa akitumia fenelizini, dawa ya sonona. Usiku huo alipewa pethidini ili atulie. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini zinaweza kuua, na alifariki asubuhi yake. Waliomhudumia walikuwa madaktari wa mafunzo, mmoja wao akiwa wa mwaka wa kwanza na mwenye wagonjwa wengine wengi wa kuangalia kwa wakati ule ule. Jopo la raia lililochunguza kifo hicho halikupendekeza mashtaka ya jinai, lakini lililaumu mfumo uliowaacha madaktari wachanga wakiwa wamechoka na bila msimamizi karibu. Kamati iliyoongozwa na daktari Bertrand Bell ikapendekeza kanuni, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka mipaka miwili: saa 80 kwa wiki na saa 24 kwa mfululizo.

Marekani nzima ilifuata mwaka 2003. Mwaka 2011 madaktari wa mwaka wa kwanza walipunguziwa mfululizo hadi saa 16, kisha mwaka 2017 wakarudishwa kwenye saa 24, pamoja na nyingine zisizozidi 4 za kukabidhi wagonjwa na kumalizia masomo. Katika saa hizo 4 hawaruhusiwi kupokea mgonjwa mpya. Baada ya mkesha wa saa 24 wanastahili saa 14 za mapumziko, na siku moja huru kwa kila siku saba, japo siku hiyo nayo hukokotolewa kwa wastani wa wiki nne.

Kisehemu kinachosahaulika katika habari hii ni kwamba Bell mwenyewe aliandika baadaye kuwa kiini cha usalama wa mgonjwa ni usimamizi wa daktari mzoefu kuliko hesabu ya saa. Dunia ilichukua namba, ikaliacha lililo gumu zaidi.

Ulaya ilipita njia nyingine kabisa. Huko saa za daktari zilitazamwa kama saa za mfanyakazi yeyote. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1993 liliweka wastani wa saa 48 kwa wiki na saa 11 za mapumziko katika kila saa 24. Madaktari wa mafunzo waliingizwa polepole: saa 58 mwaka 2004, 56 mwaka 2007, na 48 mwaka 2009. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2000, na tena 2003, kwamba daktari aliye kwenye zamu ndani ya hospitali yuko kazini hata akiwa amelala. Uamuzi huo ulibadilisha rosta kuliko namba 48 yenyewe, kwa sababu mkesha ambao zamani ulihesabiwa nusunusu sasa ulihesabiwa wote. Uingereza hairuhusu zamu moja kuzidi saa 13, wala saa 72 kupitwa katika siku zozote saba zinazofuatana. Maneno “siku zozote saba” yana uzito, kwa kuwa yanaziba mwanya wa kuficha wiki mbaya nyuma ya wiki nzuri. Karibu na kwetu, Afrika Kusini ilishusha mfululizo wa wanagenzi kutoka saa 30 hadi 26, mbili za mwisho zikiwa za makabidhiano.

Uchovu unaharibu nini

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima uwezo wa watu wa kufuatilia alama kwenye skrini. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Baada ya saa 24 alilingana na mwenye takriban asilimia 0.10, kiwango kinachopita mpaka wa dereva katika nchi nyingi.

Kwa daktari, kinachoanza kuporomoka ni kujitilia shaka. Mikono huendelea kufanya ilichozoea: kuingiza kanula (mrija mdogo wa mshipani), kushona, kuandika maagizo yale yale ya jana. Kinachopotea ni ile sauti ya ndani inayosema, “Ngoja, hapa pana jambo.” Mtoto mchanga wa kilo 3 anayehitaji gentamisini, dawa ya kuua bakteria, ya miligramu 5 kwa kilo anapaswa kupata 15. Nukta ikiteleza inakuwa 150, na aliye macho tangu jana asubuhi anaweza kuisoma mara mbili na kuiona sawa mara zote mbili. Ndiyo maana dozi za watoto, potasiamu ya mshipani, insulini na damu hazifai kukokotolewa na mtu mmoja peke yake baada ya usiku wa manane. Daktari akokotoe, muuguzi naye akokotoe upya bila kuonyeshwa jibu, kisha walinganishe. Kuonyeshwa jibu na kuombwa “hebu angalia” hakusaidii, jicho huafiki lililoandikwa.

Kipindi kibaya zaidi ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, mwili unapotaka usingizi kuliko wakati mwingine wowote. Kuna pia hali ya mtu aliyezinduliwa ghafla. Daktari aliyelala dakika 40 akaitwa kwa upasuaji wa dharura wa mzazi anaweza kuzungumza na kutembea ilhali akili haijaamka, na ukungu huo huchukua hadi nusu saa. Agizo linalotolewa kwa simu katika dakika hizo lirudiwe neno kwa neno na anayelipokea, na lisitekelezwe kabla daktari hajaafiki aliyoyasikia.

Ushahidi kutoka wodini upo pia. Utafiti wa mwaka 2004 katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali moja ya Boston uliwalinganisha wanagenzi wa rosta ya zamani na wale ambao mfululizo wao haukuzidi saa 16. Wa rosta ya zamani walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi, na makosa makubwa ya utambuzi wa ugonjwa mara 5.6 zaidi. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba mwanagenzi anayeendesha gari baada ya zamu ndefu alikuwa na uwezekano wa kupata ajali mara 2.3 kuliko baada ya zamu ya kawaida.

Kwa nini tafiti zinapingana

Baada ya matokeo ya Boston ungetarajia mjadala uishe. Haukuisha. Majaribio mawili makubwa ya Marekani, moja la mafunzo ya upasuaji lililochapishwa 2016 na jingine la mafunzo ya tiba ya ndani lililofuata, yaliruhusu baadhi ya hospitali kulegeza urefu wa zamu huku zikibaki chini ya saa 80. Vifo na madhara kwa wagonjwa havikutofautiana kwa kiwango cha maana. Wanaotetea mikesha mirefu hushika hapo.

Jaribio la mwaka 2020 katika vyumba sita vya watoto mahututi ndilo linalofumbua fumbo. Waliokuwa na zamu zisizozidi saa 16 walifanya makosa makubwa zaidi: 97.1 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, dhidi ya 79 kwa waliokesha. Ukisoma hapo tu, utasema mkesha ni bora. Lakini kundi la zamu fupi lilikuwa na wastani wa wagonjwa 8.8 kwa daktari mmoja, na la mikesha 6.7. Watafiti walipoiingiza tofauti hiyo katika hesabu, pengo la makosa liliondoka. Saa zilipunguzwa, madaktari hawakuongezwa, kazi ile ile ikabanwa ndani ya muda mfupi.

Hili ndilo tunalotaka lieleweke kuliko yote katika makala haya. Kikomo cha saa kikiwekwa bila kuongeza watu au kupunguza kazi, uchovu hauondoki. Unabadilisha sura: daktari anakuwa amelala vizuri lakini ana wagonjwa wengi kupita anavyoweza kuwakumbuka.

Sheria ya Kenya inasemaje

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haitaji jumla ya saa za wiki. Namba zimo katika amri ya jumla ya mishahara: saa 52 za kawaida kwa wiki zilizogawanywa katika siku sita, au 60 kwa wanaofanya kazi usiku, na ukijumlisha za ziada zisizidi 116 kwa wiki mbili, au 144 kwa wa usiku. Ukiiweka rosta yetu ya saa 75.75 hapo, wiki mbili ni 151.5. Inapita hata mpaka wa wafanyakazi wa usiku. Kipimo hiki kilitungwa kwa viwanda na maduka, lakini kinaonyesha taifa lenyewe linaona wapi panapofaa mtu kusimama. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya walio kazini.

Ugumu unaanza ukiuliza mwajiri ni nani. Mwanagenzi hupangiwa kituo na Wizara ya Afya, na mshahara wake hutoka serikali ya kitaifa. Hospitali anayofanyia kazi, tangu ugatuzi wa 2013, mara nyingi ni ya kaunti. Leseni yake ya unagenzi hutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Anayeandika rosta ni idara, na anayetia sahihi kwamba amefuzu zamu ya miezi mitatu ya tiba ya ndani, upasuaji, watoto au uzazi ni bingwa wa idara hiyo hiyo. Mwenye pesa hapangi rosta, na mpanga rosta halipi. Mwanagenzi anayetaka kulalamika anajikuta akilalamika kwa yule atakayemtia sahihi.

Kuna jambo la malipo pia. Posho ya wito wa dharura hulipwa kiasi maalumu kila mwezi, mikesha iwe minne au tisa. Maana yake saa ya ziada haimgharimu mwajiri shilingi, na kisichogharimu hakuna anayekibana. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, ulihusu kwa sehemu kubwa wanagenzi: kucheleweshwa kupangiwa vituo, na mzozo kati ya mshahara wa mwezi wa shilingi 206,400 za mkataba wa 2017 na 70,000 zilizopendekezwa na serikali. Ulionekana ni mgomo wa mishahara, lakini kila mhitimu anayekaa nyumbani akisubiri kituo ni mkesha unaobebwa na mwenzake aliye wodini.

Kupanga rosta kwa watu waliopo

Rudi kwenye idara ya wanne. Ukitaka kazi yote ile ile, mmoja usiku na mchana kila siku pamoja na wenzake watatu mchana wa siku za kazi, unahitaji saa 303 za madaktari kwa wiki. Kwa kikomo cha 48 ni watu 6.3, yaani saba, na bado hujahesabu likizo. Kwa kikomo cha 80 ni 3.8. Hapo unaona kwa nini idara nyingi husimama kwa wanne, na kwa nini mmoja akiugua au akienda likizo kila kitu huporomoka: wakibaki watatu, wastani wa rosta ile ile unapanda hadi saa 86. Anayepanga rosta aanze kwa kuipanga ya watatu, kwa sababu hiyo ndiyo atakayoishi nayo wiki nyingi za mwaka.

Hatua ya kwanza ni nyepesi na haihitaji mtu mpya: aliyekesha atoke saa sita mchana. Mfululizo unashuka kutoka 33 hadi 28, na wastani wa wiki kutoka 75.75 hadi 69.5. Sharti lake ni kwamba raundi ya asubuhi ianze na wagonjwa wa aliyekesha. Raundi ikianza kitanda namba moja na kufuata ukuta, wagonjwa wake wataonwa saa saba, na saa sita itakuwa maandishi tu kwenye karatasi.

Hatua ya pili ni kuuondoa mkesha wa saa 24 kabisa. Mmoja kati ya wanne anakuwa wa usiku kwa wiki nzima, saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, kuanzia Jumapili usiku hadi Jumamosi asubuhi: usiku sita, saa 72. Watatu wa mchana hufanya saa mbili hadi saa kumi na moja, na kila jioni mmoja wao hubaki hadi saa mbili usiku. Mwisho wa wiki wanagawana: wa kwanza Jumamosi mchana, wa pili Jumamosi usiku, wa tatu Jumapili mchana. Kila mmoja wao anafika saa 62 hivi. Wastani wa wote ni 64.5, na hakuna anayezidi saa 12 kwa mfululizo, ongeza nusu saa ya makabidhiano. Atakayeingia usiku wiki inayofuata awe yule aliyefanya Jumamosi mchana, ili apate Jumapili yake kabla ya kuanza. Ukimweka aliyetoka Jumapili mchana, anaunganisha zamu mbili na umerudi ulikotoka.

Gharama yake isifichwe. Mchana wanabaki watatu badala ya wanne, na mwanagenzi wa usiku anakosa kliniki, chumba cha upasuaji na mafunzo ya bingwa kwa wiki moja kati ya kila nne. Katika zamu ya miezi mitatu hizo ni wiki tatu. Usiku una dharura nyingi za kujifunza, ila mafunzo yanahitaji mfunzaji, kwa hiyo bingwa wa zamu lazima afikike kwa simu na orodha ya hali za kumwita iandikwe ukutani. Isiachwe kwenye ujasiri wa mwanagenzi kuamua kama inafaa kumwamsha mkubwa wake.

Saa zinazopotea mchana zinaweza kurudishwa kwa kuangalia mwanagenzi anafanya nini. Kubeba sampuli hadi maabara, kufuata majibu, kuzunguka kutafuta damu, kusukuma kitanda kwenda eksirei: kazi hizi zinahitaji mtu mwaminifu, hazihitaji miaka sita ya chuo cha udaktari. Mhudumu mmoja wa usiku aliyetengewa wodi huokoa saa nyingi kuliko mkutano wowote wa kujadili uchovu.

Hospitali ya rufaa ya mjini kwetu Mombasa ina jambo lake la ziada. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Lamu ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, hivyo mgonjwa aliyeamuliwa kupewa rufaa asubuhi anaweza kufika jioni au usiku, pale madaktari wanapokuwa wachache. Rosta iliyokopwa kwenye hospitali ambayo usiku wake ni mtulivu haitafaa hapa. Ni afadhali mtu wa jioni abaki hadi saa nne usiku, na aanze siku yake saa nne asubuhi.

Kisha kuna Ramadhani. Daktari aliyefunga, akafuturu kwa tende mbili kati ya wagonjwa wawili na kula daku amesimama, amekesha mkesha mzito kuliko wa mwezi mwingine. Nusu saa ya magharibi na nusu saa ya daku ziandikwe kwenye rosta pamoja na jina la anayeshika nafasi. Wenzake wasiofunga wabebe vipindi hivyo viwili, na Krismasi na Pasaka hesabu ilipwe. Mambo haya yakiachwa kwa hisani humwangukia yule yule mpole kila mwaka.

Makabidhiano

Zamu zikifupishwa, mgonjwa hupita mikono mingi zaidi, na kila mkono mpya ni nafasi ya kitu kudondoka. Mwaka 2014 hospitali tisa za mafunzo ya watoto, nyingi zikiwa Marekani, zilichapisha matokeo ya kutumia utaratibu mmoja wa makabidhiano: makosa ya kitabibu yalishuka kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Dawa mpya haikuongezwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Anayetoka anataja kwanza uzito wa hali: thabiti, wa kuangaliwa, au mahututi. Kisha muhtasari wa mgonjwa kwa sentensi mbili tatu. Kisha kazi zilizobaki, kila moja na saa yake na mwenyewe, kwa mfano “hemoglobini irudiwe saa nne usiku, ikiwa chini ya 7 aongezwe damu, damu imeshapimwa na kupatana na yake.” Kisha jambo linaloweza kuharibika na la kufanya likiharibika. Mwisho anayepokea anarudia kwa maneno yake. Hiki cha mwisho ndicho huachwa, na ndicho kinachofichua kwamba kitanda cha 12 na cha 21 vimechanganywa.

Makabidhiano yafanywe kwenye vitanda vya walio mahututi, na kwa karatasi kwa waliobaki. Dakika 30 kwa wodi ya watu 40 zinatosha ikiwa walio thabiti wanatajwa kwa mstari mmoja. Dakika hizo zihesabiwe ndani ya saa za kazi. Zisipohesabiwa zitafanywa mlangoni, mmoja ameshavaa mkoba.

Kabla ya kwenda nyumbani

Aliyekesha asiendeshe gari wala pikipiki. Apande matatu au tuktuk, na kama anavuka Likoni, akae mbali na ukingo wa feri hata kama upepo ni mzuri upande huo. Akilazimika kuendesha, alale kwanza dakika 20 hadi 30 katika chumba cha zamu, kisha angoje nyingine 15 ukungu uondoke. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo kikombe kinywewe kabla ya usingizi huo mfupi. Nusu ya nguvu yake hubaki mwilini saa 5 baadaye. Kikombe cha kahawa chungu cha saa kumi na mbili asubuhi kinaweza kumnyima usingizi wa saa nne asubuhi, na mchana wa Mombasa haumpi mtu nafasi ya pili ya kulala.

Aliyejichoma sindano usiku asingoje zamu iishe. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji, aripoti, na aanze dawa za kuzuia VVU mapema iwezekanavyo, bila kuvuka saa 72. Uchovu humfanya mtu aseme “nitashughulikia kesho”.

Na kila mwanagenzi aandike saa zake halisi, kwenye daftari au simu: tarehe, alipoingia, alipotoka, usingizi alioupata, na sababu ya kuchelewa kutoka. Sababu ndiyo yenye thamani. “Nilitoka saa tisa” ni malalamiko, na idara itayajibu kwa kumwambia ajipange. “Nilitoka saa tisa kwa sababu damu ya kitanda cha 8 ilifuatwa mara tatu” ni tatizo lenye anwani. Wanne wakiandika hivyo kwa wiki nne, jumla yao iwekwe mezani bila majina, mbele ya mkuu wa idara na mwakilishi wa chama cha madaktari, pamoja na rosta iliyokuwa imechapwa. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo idadi ya saa ambazo hospitali inadaiwa na watu wake.